Al-Jahiz: muuza samaki wa Basra aliyefundisha sayansi kwa kicheko

Wauza samaki wa Rumonge, Nyanza-Lac na Kigoma wanajua maana ya kusimama na bidhaa isiyosubiri. Mukeke aliyetolewa majini alfajiri, ikifika saa nane mchana bila barafu, bei yake imeshaporomoka, na mteja anayepita bila kugeuza shingo ni hasara. Ndiyo maana sokoni watu wana maneno mengi. Utani kidogo, kisa kidogo, na mteja akicheka husimama, akisimama hutazama, akitazama huuliza bei.

Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, katika mji wa Basra kusini mwa Iraki, kijana mmoja maskini aliishi kwa kazi hiyo hiyo. Aliuza mikate na samaki kando ya mfereji ulioitwa Sayhan. Kijana huyo alikuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Kiarabu, akaandika juu ya wanyama, rangi za ngozi, njiwa wa posta na biashara, na watu walimsoma kwa sababu aliwachekesha.

Jina lake lilikuwa Amr bin Bahr, na kwa heshima aliitwa Abu Uthman. Lakini dunia inamjua kwa jina la utani, al-Jahiz, yaani mwenye macho yaliyotokeza. Alizaliwa karibu na mwaka 776. Wapokezi wa habari zake wanasimulia kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mwendesha ngamia wa ukoo mmoja wa Waarabu wa Banu Kinana. Mali hakurithi. Alichorithi ni mji.

Sinia la madaftari

Basra ya wakati huo ilikuwa bandari ya dunia. Vyombo viliingia kutoka India, Oman na pwani ya Wazanji, yaani Afrika Mashariki. Nje ya mji kulikuwa na soko la Mirbad, ambako misafara ya ngamia iliteremsha mizigo na Waarabu wa jangwani walishindana kwa mashairi. Anayefika leo kwenye ufuko wa Rumonge, akasikia Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na lugha za upande wa Kongo ndani ya robo saa, anaweza kuipata picha.

Al-Jahiz alijifunza Kiarabu fasaha hapo Mirbad kwa kusikiliza. Msikitini alikaa na wanazuoni: al-Asma'i na Abu Ubayda kwa lugha na habari za Waarabu, na Ibrahim al-Nazzam kwa hoja za dini na maumbile. Pesa za vitabu hakuwa nazo. Inasimuliwa kwamba alikodi maduka ya wanakili wa vitabu, akajifungia humo usiku kucha akisoma kila kilichokuwamo.

Mama yake hakupendezwa. Kisa chao ni mashuhuri. Siku moja alirudi nyumbani na njaa akaomba chakula, na mama akamletea sinia lililojaa madaftari, akimwonyesha kwamba hicho ndicho anacholeta nyumbani kila siku. Kijana alitoka kichwa chini hadi msikitini. Huko alikutana na tajiri mmoja, Muways bin Imran, ambaye alipojua sababu ya huzuni yake alimpa dinari 50. Al-Jahiz alikwenda sokoni, akanunua unga na mahitaji mengine, akawatwika wapagazi hadi kwa mama yake. Mama alishangaa vimetoka wapi. Mwanawe akamjibu kwamba vimetoka kwenye yale madaftari aliyomwandalia.

Wakati huo karatasi, iliyofika Iraki kupitia Asia ya Kati, ilikuwa ikichukua nafasi ya ngozi ghali. Kitabu kiligeuka bidhaa ya sokoni, na mtu asiye na jina wala ukoo aliweza kuishi kwa kalamu. Al-Jahiz alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifahamu nafasi hiyo vizuri, kama vile wauza dagaa wa leo walivyoelewa mapema simu inavyoweza kuwapa bei ya Bujumbura kabla gari halijaondoka.

Uso usiofaa watoto wa khalifa

Maandishi yake juu ya uongozi yalimfikia Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 813 hadi 833, na yakampendeza. Al-Jahiz akahamia mji mkuu. Aliwekwa katika ofisi ya barua za serikali, akaacha kazi baada ya siku 3. Maisha ya karani hayakumfaa.

Baadaye Khalifa al-Mutawakkil alisikia sifa zake akataka awafundishe watoto wake. Alipomwona sura, alibadili nia, akampa dirham 10,000 na kumruhusu aondoke. Mtu mwingine angeificha aibu hiyo. Al-Jahiz aliisambaza mwenyewe, na akaongeza nyingine mbaya zaidi: mwanamke asiyemjua alimwomba amfuate hadi kwa sonara, akamwonyesha sonara kwa kidole, akaenda zake. Al-Jahiz alipouliza maana yake, sonara akaeleza kwamba mwanamke yule alitaka pete yenye sura ya shetani, na yeye alikuwa amemjibu kuwa hajapata kumwona shetani ili amchore.

Aliyejicheka kwanza anapata ruhusa ya kuwacheka wengine. Al-Jahiz aliitumia ruhusa hiyo sana. Katika Kitab al-Bukhala, kitabu chake cha mabahili, anasimulia watu wa Khurasan waliopanga nyumba moja. Walivumilia giza kadiri walivyoweza, mwishowe wakachanga pesa za mafuta ya taa. Mmoja akakataa kuchanga. Basi kila taa ilipowashwa wenzake walimfunga kitambaa machoni, na hawakumfungua mpaka ilipozimwa wakati wa kulala. Kila kundi lililowahi kuchangia mafuta ya boti kuvuka ziwa linamjua mtu wa namna hiyo.

Nzi aliyemshinda kadhi

Kazi yake kubwa ni Kitab al-Hayawan, Kitabu cha Wanyama, chenye juzuu 7 na wanyama zaidi ya 350. Alikitunuku kwa waziri Ibn al-Zayyat, na inasimuliwa kwamba alilipwa dinari 5,000.

Kitabu hicho hakikuandikwa kwa mabingwa. Sehemu kubwa ya juzuu mbili za mwanzo ni mabishano kati ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo, kila mmoja akimpigania mnyama wake kama mawakili mahakamani. Ndani ya mabishano hayo msomaji anapata tabia za mbwa, magonjwa yake, uzazi wake na uwindaji wake, bila kuhisi kwamba yuko darasani. Mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba anachanganya mzaha na jambo zito kwa makusudi, kwa sababu anajua msomaji huchoka.

Mfano bora ni kisa cha kadhi wa Basra, Abdallah bin Sawwar. Kadhi huyu alisifika kwa utulivu. Alikaa barazani kama jabali, hageuki, haegemei, hatikisi mkono. Siku moja nzi alitua puani mwake, akahamia kwenye kona ya jicho. Kadhi akavumilia. Nzi akauma. Kadhi akapepesa, nzi akaruka na kurudi pale pale palipokwisha kuumia. Akapepesa tena, kisha akalazimika kumfukuza kwa mkono, kisha kwa ncha ya mkono wa kanzu, huku baraza zima likimtazama. Mwishowe alikiri mbele ya watu kwamba kiumbe dhaifu kabisa amemshinda.

Msomaji akicheka, tayari ameshajifunza kitu juu ya nzi: anarudi alipofukuzwa, anapenda unyevu wa jicho na kidonda, wala cheo hakimtishi. Afisa wa afya anayetaka wauza samaki wafunike meza zao anaweza kutangaza kanuni siku nzima bila kusikilizwa. Kisa cha kadhi kingemchukua dakika mbili.

Kwa njia hiyo hiyo al-Jahiz alieleza jinsi viumbe wanavyoishi kwa kulana. Panya hula walio wadogo kuliko yeye, kisha yeye naye anajificha asiliwe na nyoka, na hakuna mwenye nguvu asiyekuwa na wa kumwogopa. Ziwani Tanganyika mnyororo huo unajulikana kwa majina mengine: vijidudu vinavyoelea majini huliwa na ndagala, ndagala huliwa na mukeke, na mukeke huishia kwenye sahani za Rumonge. Anayeuona mnyororo mzima anaelewa kwa nini kuvua ndagala wachanga leo ni kuvua mukeke wa kesho.

Al-Jahiz aliwaandika pia samaki aliowajua tangu ujana. Anamtaja mmoja aitwaye barastuj, ambaye kwa maelezo yake hutoka bahari ya Wazanji, husafiri hadi maji matamu ya mto wa Basra kwa msimu wake, kisha hurudi. Ushahidi alioutegemea ni wa mabaharia na wavuvi. Juu ya njiwa wanaobeba barua, teknolojia ya mawasiliano ya enzi hiyo, alieleza nasaba zao, mafunzo yao na bei yao. Njiwa mmoja wa ukoo bora aliweza kufika dinari 500, mara kumi ya zile pesa zilizomlisha mama yake.

Nyuma ya mizaha yote kulikuwa na jambo moja alilolisisitiza: habari ipimwe. Alimsoma Aristotle kwa heshima, lakini alipoona dai lisiloingia akilini alilitilia shaka waziwazi. Alisimulia jinsi mwalimu wake al-Nazzam alivyoamua kuhakikisha uvumi kwamba mbuni humeza moto, akamtupia makaa, kisha mawe yaliyochomwa. Kwa al-Jahiz, kujua pa kutia shaka ni elimu inayofundishwa kama elimu nyingine.

Mjuaji wa kila kitu alimshughulikia kwa njia yake. Karani mmoja, Ahmad bin Abd al-Wahhab, alikuwa mfupi na mnene, lakini alijitangaza kuwa mrefu na mwenye elimu zote. Al-Jahiz alimwandikia risala ya dhihaka yenye maswali 100 hivi juu ya nyota, wanyama, historia na maumbile. Karani aliaibika, na wasomaji wakabaki na maswali ya kufikiri.

Rangi ya chawa na rangi ya mtu

Kicheko chake kilikuwa na kazi nzito zaidi katika risala moja kuhusu fahari ya watu weusi mbele ya weupe. Iraki ya wakati huo ilikuwa imejaa watumwa kutoka Afrika, wakifanya kazi za suluba kwenye mashamba yenye chumvi, na dharau dhidi yao ilikuwa jambo la kawaida. Al-Jahiz, mjukuu wa mwendesha ngamia mweusi, alijibu kwa hoja za maumbile.

Alieleza kwamba rangi huletwa na nchi mtu anakoishi, maji yake, udongo wake na jua lake. Haina uhusiano na laana wala adhabu. Mifano yake ilikuwa ya kuchekesha. Panzi na funza wanaoishi kwenye majani ni kijani. Chawa kwenye nywele nyeusi ni mweusi, na zikigeuka mvi naye hugeuka. Na katika nchi ya mawe meusi ya Banu Sulaym, watu na wanyama wao wote wana weusi. Sayansi ya leo ina maelezo tofauti na sahihi zaidi, lakini mwelekeo wake ulikuwa wa mbele: rangi ni habari ya mazingira. Na ni vigumu kujivunia kitu ambacho mtu anakishiriki na chawa.

Katika kutetea hoja hiyo aliwakumbusha wasomaji kwamba Wazanji waliowaona utumwani hawatoshi kuwa kipimo cha watu wa Zanji. Akawagawa Wazanji katika makundi mawili, Qanbalu na Lanjuya. Wanahistoria wengi wanaihusisha Qanbalu na Pemba, na jina Lanjuya na Unguja. Karibu miaka 1,000 baadaye, misafara ya karne ya 19 kutoka pwani hiyo hiyo ilileta Kiswahili hadi Ujiji, Uvira na Rumonge.

Tanuri la waziri

Kuishi kwa hisani ya wakubwa kulikuwa na hatari zake. Mwaka 847 mfadhili wake Ibn al-Zayyat alianguka, akateswa hadi kufa ndani ya tanuri ambalo yeye mwenyewe alilitumia kuwatesa wengine. Al-Jahiz alikimbia. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa mzaha kwamba alihofu kuwa mtu wa pili ndani ya tanuri. Alikamatwa na kupelekwa akiwa na minyororo mbele ya kadhi mkuu Ibn Abi Du'ad, adui wa waziri. Ulimi wake ukamwokoa: alifunguliwa, akapelekwa kuoga na kuvishwa, akaketishwa barazani. Baadaye alimtunuku kadhi huyo kitabu chake cha ufasaha, al-Bayan wa-l-Tabyin, na inasimuliwa kwamba malipo yalikuwa yale yale, dinari 5,000.

Si kila alichoandika kilikuwa sahihi. Aliamini, kama wengi wa zama zake, kwamba baadhi ya wadudu huzaliwa na uozo bila wazazi. Wakati mwingine alibeba kisa kwa sababu kilikuwa kitamu, na dhihaka zake kwa watu wa Khurasan hazikuwa za haki siku zote. Aliyekosea hivyo ndiye pia aliyewafundisha wasomaji wake kupima.

Kuna kitabu kidogo cha biashara ambacho kwa muda mrefu kimehusishwa naye, ingawa baadhi ya wataalamu wanatilia shaka. Kinaeleza jinsi ya kutambua dhahabu na vito halisi, na bidhaa bora za kila nchi. Awe alikiandika au la, maudhui yake yanafanana na mtu aliyekulia kwenye bandari.

Wafanyabiashara wamsahihisha

Uzeeni alirudi Basra, akapooza upande mmoja. Aligeuza hata ugonjwa kuwa mzaha na somo: upande mmoja ukikatwa kwa mkasi hausikii, na upande wa pili una jongo kali kiasi kwamba nzi akipita karibu unauma. Alifariki mwisho wa mwaka 868 au mwanzo wa 869, akiwa na zaidi ya miaka 90, akiacha maandishi takriban 200. Wasimulizi wa karne za baadaye walidai kwamba vitabu vyake vilimwangukia vikamuua. Ni hadithi ambayo mwenyewe angeipenda, na pengine angeitaka ipimwe.

Mwaka ule ule wa 869 watumwa wa mashamba ya chumvi, wengi wao Wazanji, walianza uasi uliodumu hadi 883. Mwaka 871 waliivamia Basra na kuiteketeza. Dharau ambayo al-Jahiz aliijibu kwa mfano wa chawa ilikuwa imezaa moto.

Vitabu vilinusurika, na vikaendelea kusomwa na kubishiwa. Katika karne ya 10 msafiri al-Mas'udi, aliyefika mwenyewe Qanbalu, alikutana na kisa alichokinukuu al-Jahiz juu ya kifaru: kwamba mimba yake huchukua miaka 7, na mtoto hutoa kichwa nje ya tumbo la mama akala majani, kisha akakirudisha. Al-Mas'udi hakubishana na vitabu. Aliwauliza watu wa Siraf na Oman waliokuwa wakienda India, na wafanyabiashara aliokutana nao huko. Wote walishangaa, wakamweleza kwamba kifaru huzaa kama ng'ombe na nyati.

Kwa hiyo aliyeanza maisha akiuza samaki kando ya mfereji alikuja kusahihishwa na wachuuzi wa bahari, watu waliovuka mipaka na mizigo yao na kuyaona mambo kwa macho. Kisa cha kifaru kiliwafikia kwa sababu kilichekesha, na walikuwa na ujuzi wa kukikataa kwa sababu walikuwa wamefika huko.